SOMO LETU: KESI ITASIKILIZWA WAPI?



Somo letu la leo linahusu jambo ambalo wengi wetu tunaliruka tunapowekewa mkataba mbele yetu. Tunatafuta mshahara ni kiasi gani. Tunatafuta siku za likizo. Tukifika mwisho wa karatasi tumechoka, na karani ameshatupa kalamu, basi tunatia sahihi. Lakini mara nyingi ni huko huko mwishoni ambako mwenye mali ameandika siku tukigombana tutakwenda kuamuliwa wapi, na nani.

Sisi tulilijua jambo hili kwa kuchelewa. Miaka michache iliyopita, hapa Uganda, wakulima wadogo wa miwa walikuja ofisini kwa tawi letu. Hawakuwa wanachama, lakini watoto wao wanafanya kazi kiwandani, na matatizo yao tunayajua. Walisema miwa yao ilikatwa ikaachwa shambani mpaka ikakauka, kisha kampuni ikawalipa kwa uzito wa miwa mikavu. Tuliwaambia twende mahakama ya wilaya. Mzee mmoja akatoa mkataba kwenye mfuko wa nailoni, akasema, "Mwanangu, hebu tusomee hapa kwanza." Tukasoma. Kifungu cha mwisho kilisema kila ugomvi utaamuliwa na mwamuzi wa faragha mjini Kampala, na kila upande utalipa nusu ya ada yake. Tulipouliza ada hiyo, ilizidi fedha waliyokuwa wanaidai. "Mzee," tulimwambia, "hapa umefungwa kwa kamba uliyoishika mwenyewe." Yeye akacheka kidogo, akakunja karatasi yake. Kesi ikafia pale pale. Haikushindwa. Haikusikilizwa kabisa.

Tangu siku ile tumekuwa tukijifunza jambo hili la mahali. Katika kujifunza tumekuta kwamba kuna nchi moja ambayo vita ya namna hii imepiganwa kwa miaka zaidi ya 50, mahakama hadi mahakama, mpaka ile ya juu kabisa. Nchi hiyo ni Marekani, na waliopigana ni wenye maduka madogo wanaofanya biashara kwa jina la kampuni kubwa. Tumeona hadithi yao inatufaa, kwa sababu walipata sheria nzuri, kisha sheria hiyo ikazungukwa.

1. BIASHARA YA JINA LA KUAZIMA

Huko Marekani biashara hii inaitwa franchaizi. Maana yake ni hii. Kampuni kubwa ina jina linalojulikana, labda la mkate wenye nyama, labda la duka la usiku. Badala ya kufungua duka yenyewe, inamwambia mtu mwenye akiba yake, "Lete fedha zako, jenga duka, andika jina langu mlangoni. Utauza kwa utaratibu wangu, na katika kila mauzo utanipa fungu langu." Kampuni tutaiita mwenye jina. Yule mtu tutamwita mwenye duka.

Kwa karatasi, mwenye duka ni tajiri. Ana wafanyakazi, ana ufunguo. Lakini rangi ya ukuta anaamriwa, saa za kufungua anaamriwa, na mara nyingi hata mahali pa kununua vifaa anaamriwa. Akikosea, mwenye jina anaweza kuvunja mkataba, na jina likiondoka mlangoni, akiba ya maisha imeondoka nalo. Wengi wetu tumeona watu wa namna hii kwetu pia: yule anayeendesha kituo cha mafuta chini ya bango la kampuni kubwa. Mikahawa ya kuku yenye majina ya Marekani nayo imefika Nairobi na Kampala.

Tusimwonee wivu mtu huyu, wala tusisahau kwamba naye huajiri, na pengine hulipa vibaya. Hapa tunamtazama kwa jambo moja tu: amesaini mkataba ulioandikwa na upande mmoja.

2. MAHALI NI SILAHA

Marekani ina majimbo 50. Kila jimbo lina bunge lake, sheria zake na mahakama zake. Juu yake kuna serikali kuu yenye sheria zake na mahakama zake. Mwenye jina anaweza kuwa na makao makuu katika jimbo moja, na maduka katika majimbo yote. Sasa ugomvi ukitokea, kesi isikilizwe kwa nani?

Tuchukue mfano wa kesi ya Burger King iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1985. Kampuni hiyo ilikuwa na makao makuu Miami, katika jimbo la Florida, kusini kabisa. Watu wawili wa jimbo la Michigan, kaskazini, walichukua mkahawa mmoja kwa mkataba wa miaka 20. Wateja wakapungua, malipo ya kila mwezi yakachelewa. Kampuni ikawashtaki, lakini haikuwashtaki Michigan kwenye mkahawa. Iliwashtaki Miami, yapata kilomita 1,800 kutoka kwao.

Wale wawili walisema mahakama ya Florida haina haki juu yao, wao ni watu wa Michigan na biashara iko Michigan. Tena walidai kwamba kampuni imevunja sheria ya franchaizi ya jimbo lao. Mahakama ya Miami ilikataa yote. Iliwaamuru kulipa dola 228,875. Mahakama ya rufaa iliwapa haki wao, lakini Mahakama ya Juu ikaipa haki kampuni: mtu aliyefunga mkataba mrefu namna hii na kampuni ya Miami, akakubali kusimamiwa kutoka huko na kuongozwa na sheria ya Florida, asishangae kuitwa huko.

Tazameni vizuri, ndugu. Mtu anaweza kuwa na sheria nzuri ya jimbo lake mfukoni, lakini ikabidi aisome mbele ya hakimu wa mbali, kwa wakili wa mbali, kwa nauli yake, wakati duka lake limebaki bila mtu. Mwenye jina hatoki nyumbani. Mashahidi wake wako ghorofa ya pili. Ndiyo maana tunasema mahali si jambo la anwani tu. Mahali ni gharama, na gharama ndiyo inayoamua nani atachoka kwanza.

3. MAJIMBO YALIYOSEMA HAPANA

Baadhi ya majimbo yaliliona jambo hili. California ilikuwa ya kwanza kutunga sheria ya franchaizi, mwaka 1970. New Jersey ilifuata kwa sheria yake mwaka 1971. Majimbo mengine yakaja nyuma, ingawa mpaka leo yale yenye sheria ya kumlinda mwenye duka baada ya kusaini ni chini ya nusu ya majimbo yote.

Kuhusu mahali, tuangalie majimbo manne.

California: mwaka 1994 bunge la jimbo lilipitisha kifungu kinachosema kwamba sharti la mkataba linalolazimisha kesi isikilizwe nje ya California ni batili, ikiwa biashara yenyewe inafanywa ndani ya California.

Illinois: sheria yake ya mwaka 1987 inasema vile vile, kwamba sharti la kwenda mahakama ya nje ya jimbo ni batili. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu mkataba useme kwamba uamuzi wa faragha utafanyika nje ya jimbo. Kumbukeni tundu hili, tutalirudia.

Michigan: sheria ya jimbo inabatilisha sharti la kupeleka kesi nje, na pia sharti la kupeleka uamuzi wa faragha nje. Mwenye duka akitaka mwenyewe kwenda nje, anaweza kukubali wakati ugomvi umeshatokea. Huu ni ufundi mzuri wa kutunga sheria. Mtu anakubali akiwa ameshaona tatizo lake. Hakubali siku ya kusaini, wakati ana furaha na hajui kitu.

New Jersey: sheria yake haikutaja wazi jambo la mahali pa mahakama. Lakini mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya jimbo, katika kesi ya kampuni ya Sun Microsystems, ilisema masharti ya kuwaondoa wenye biashara nje ya New Jersey yatahesabiwa kuwa batili, mpaka mwenye jina aonyeshe kwamba hayakulazimishwa kwa nguvu zake kubwa.

Maana ya sheria hizi zote ni moja. Majimbo yalikiri kwamba mkataba huu haukuandikwa na watu wawili walio sawa. Kama wangekuwa sawa, kusingekuwa na haja ya sheria. Na pasipo sheria, ni ile methali yetu: kesi ya nyani, hakimu ngedere.

4. MLANGO WA NYUMA

Sasa tufike kwenye uamuzi wa faragha. Huu si mahakama. Ni mtu au watu wanaolipwa na wenye ugomvi ili waamue. Kikao ni cha siri. Akikosea sheria, rufaa ni ngumu sana kupatikana. Mwaka 1925 bunge la Marekani lilitunga sheria inayosema kwamba mkataba wa kwenda kwa mwamuzi wa faragha lazima uheshimiwe kama mikataba mingine. Kwa miaka mingi sheria hiyo ilionekana ni ya wafanyabiashara wakubwa kwa wakubwa, katika mahakama za serikali kuu.

Kisha ikaja kesi ya kampuni ya Southland, iliyokuwa mwenye jina la maduka ya 7-Eleven. Wenye maduka wa California waliishtaki katika miaka ya 1970. Shauri moja lilifunguliwa kwa niaba ya wenye maduka wapatao 800. Mkataba wao ulisema ugomvi uende kwa mwamuzi wa faragha. Mahakama ya Juu ya California ilisema hapana, madai yaliyo chini ya sheria ya franchaizi ya jimbo lazima yasikilizwe mahakamani, kwa sababu sheria hiyo inakataza mtu kusalimisha ulinzi wake. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua uamuzi huo. Ilisema sheria ya serikali kuu ya mwaka 1925 iko juu ya sheria ya jimbo, hata ndani ya mahakama za jimbo. Jaji Sandra Day O'Connor alipinga, akasema bunge la mwaka 1925 halikukusudia hivyo. Wengi wa wenzake hawakumsikiliza.

Baada ya hapo mlango ukafunguka. Mwaka 1996 ilikuja kesi ya mkahawa wa Subway katika mji wa Great Falls, jimbo la Montana. Sharti la uamuzi wa faragha lilikuwa ukurasa wa 9 wa mkataba, kwa herufi za kawaida, na mahali palipotajwa ni Bridgeport, jimbo la Connecticut, upande mwingine wa nchi. Montana ilikuwa na sheria ndogo ya busara: sharti kama hilo liandikwe ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, na lipigiwe mstari. Halikukataza kitu, lilitaka tu mtu aone. Hata hilo Mahakama ya Juu ililiondoa, ikasema jimbo haliwezi kuwekea mikataba ya uamuzi wa faragha sharti lisilowekewa mikataba mingine.

Mwaka 2001 zamu ikawa ya kile kifungu cha California cha mwaka 1994. Mkataba ulitaka uamuzi ufanyike Utah. Mahakama ya rufaa ya serikali kuu ikasema kifungu cha California hakiwezi kuuzuia.

Kwa hiyo hali ilivyo ni hii. Mkataba ukisema "mahakama ya mbali", sheria ya jimbo ina nguvu ya kumrudisha mwenye duka nyumbani, hasa akiwa mbele ya mahakama ya jimbo lake. Katika mahakama za serikali kuu ni vigumu zaidi, maana mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilisema mahali palipoandikwa paheshimiwe isipokuwa kwa sababu za pekee sana. Na mkataba ukisema "mwamuzi wa faragha wa mbali", sheria ya jimbo kwa kawaida inashindwa. Bunge la jimbo lilifunga mlango wa mbele kwa kufuli. Mawakili wa kampuni walipita nyuma.

Hata hivyo kuna ufa ukutani. Sheria ya mwaka 1925 yenyewe inakubali kwamba mkataba unaweza kuvunjwa kwa sababu zinazovunja mkataba wowote, kwa mfano dhuluma ya wazi. Mwaka 2006 mwanamke mmoja wa California, aliyekuwa na mkataba na kampuni ya MailCoups, alishinda kwa njia hiyo. Mkataba ulimtaka aende Boston, na mahakama ya rufaa ikaona masharti yale yameelemea upande mmoja mno. Lakini hebu fikirini: ilimbidi afike mahakama ya rufaa ili tu aambiwe kwamba si lazima aende Boston. Kesi yake yenyewe ilikuwa bado.

5. BAADA YA WENYE MADUKA, WAFANYAKAZI

Pengine ndugu mmoja anasema, hayo ni ya wenye maduka, sisi tuna jembe na mashine. Tulieni. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ile ile iliamua kesi ya kampuni ya Epic Systems. Wafanyakazi walikuwa wamesaini kwamba madai yao ya mshahara yataamuliwa faraghani, kila mtu peke yake, bila kuungana na wenzake. Walisema sheria ya kazi inawapa haki ya kusimama pamoja. Kwa kura 5 dhidi ya 4 walishindwa. Sheria iliyotumika kuwashinda ni ile ile ya mwaka 1925. Jaji Ruth Bader Ginsburg, ambaye ndiye aliyeandika uamuzi wa Subway mwaka 1996, safari hii aliandika kwa ukali kuupinga.

Ndivyo mambo yanavyokwenda. Njia iliyochimbwa kwa ajili ya mmoja hupitiwa na wote. Aliyenyamaza wakati wa jirani yake, siku yake ikifika anakuta njia imeshalimwa.

6. SISI TUNAJIFUNZA NINI

Kwanza, tusome mkataba kuanzia mwisho. Tutafute mambo matatu: nani ataamua, mahali gani, na gharama ni za nani. Huko Marekani kuna kanuni ya serikali kuu inayomlazimisha mwenye jina kumpa mtu kitabu cha maelezo siku 14 kabla ya kusaini au kulipa. Kitabu hicho kina sehemu 23, na sehemu ya 17 ndiyo inayotaja mahali pa kesi na sheria itakayotumika. Sisi hatuna kitabu hicho, lakini tunaweza kudai siku. Mtu asikubali kusaini papo hapo. Achukue karatasi, aje nayo tawini.

Pili, tujue tofauti ya mfanyakazi na yule anayeitwa "mkandarasi" au "mshirika". Hapa Uganda, mfanyakazi chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 hupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi, karibu na anapoishi. Huhitaji kumlipa mwamuzi. Mkulima wa miwa wa mkataba hana mlango huo, anategemea sana kile kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Kwa hiyo tajiri akija kusema, "Kuanzia leo wewe si mfanyakazi, wewe ni mshirika wangu," tusifurahie cheo. Tuulize kwanza tukigombana tutakwenda wapi.

Tatu, viongozi wanaojadili mikataba ya pamoja waandike mahali kwa jina: wilaya hii, mji huu, na gharama za kikao zilipwe na mwajiri. Wafuate mfano wa Michigan, kwamba kuhama mahali kukubaliwe tu baada ya ugomvi kutokea, tena kwa maandishi ya upande wa wafanyakazi.

Nne, sheria moja nzuri haitoshi. Wenye maduka wa California walipata sheria, wakadhani wamefika. Kumbe kulikuwa na sheria nyingine juu yake. Tukidai sheria tuulize daima: ni ipi iliyo juu ya hii, na inasema nini?

Yule mzee wa miwa bado tunaonana. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walikataa kusaini mmoja mmoja. Walikaa pamoja chini ya mwembe, wakasema kifungu cha Kampala kifutwe. Kampuni haikukifuta chote, lakini ilikubali kikao kifanyike wilayani, na ada ilipwe na kampuni. Hawakuwa na wakili. Walikuwa na jambo moja tu, kwamba walisoma kabla ya kusaini, na walisoma pamoja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kila mtu alete mkataba wake. Unasema ugomvi uamuliwe na nani, na wapi? Kama hausemi, ni nani atakayeamua?

2. Kutoka kambini kwenu mpaka mahali hapo ni nauli kiasi gani, na utapoteza siku ngapi za kazi?

3. Kwa nini Montana ilitaka sharti liandikwe ukurasa wa kwanza? Katika mikataba yenu, ni masharti gani mngetaka yahamie huko?

4. Kwa nini ni afadhali mtu akubali mwamuzi wa faragha baada ya ugomvi kuliko siku ya kusaini?

Majibu yenu yaandikwe na katibu wa kikundi, yaletwe katika mkutano wa tawi.

Umoja ni nguvu.